Nahitaji intaneti ya uhakika ya kufundishia nikiwa nyumbani Mtopanga: faiba, ruta ya 5G au dishi?

Mwalimu_Mtopanga aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Kwa wale mnaokaa Kisauni, Bamburi na kandokando yake, naomba ushauri wa mtu aliyeyaona kwa macho, maana matangazo nimeyasoma mpaka nimechoka.

Mimi nafundisha Kiswahili kwa njia ya video. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, na wawili wako Muscat, watu ambao babu zao walikuwa Unguja na wao wanataka lugha irudi nyumbani kwao. Vipindi ni jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku. Mpaka sasa natumia simu: naweka bando, nafungua hotspoti, kompyuta inaungana. Asubuhi mambo huwa mazuri. Ikifika saa moja usiku picha inaganda na sauti yangu inawafikia vipande vipande. Mtu anayejifunza kutamka "ng'ombe" na "ghala" anahitaji kusikia koo la mwalimu. Sauti ikikatika, somo halipo.

Bando nalo ni mzigo. Kipindi cha saa moja hula kama gigabaiti moja, na binti yangu wa kidato cha tatu naye anataka video za hesabu na kemia kwa laini hiyo hiyo.

Naishi ghorofa ya pili katika jengo la ghorofa nne, kuta ni za mawe ya matumbawe. Kwenye nguzo mbele ya geti kuna kisanduku cheusi cha faiba, sijui cha nani. Mwenye nyumba asema jengo lina intaneti tayari: kuna kijana anawauzia wapangaji kwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Jirani wa chini anayo, na aniambia stima ikipotea nayo hupotea. Bajeti yangu ni kati ya 3,000 na 4,000 kwa mwezi. Na je, kuna pahali pa umma ambapo naweza kwenda kufundisha siku nyumbani pakiwa pabaya?

Kobe_wa_Nyali alijibu:

Mwalimu, usijisumbue na waya. Chukua ruta ya 5G, ichomeke kwenye soketi, ukihama wahama nayo. Safaricom walianza kuuza 5G Oktoba 2022 na Airtel wakafuata 2023, na huku Nyali inapaa. Hakuna fundi wa kutoboa ukuta wala mwenye nyumba wa kuombwa ruhusa.

FundiWaya alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kuunganisha majumba kwa faiba, kuanzia Kongowea hadi Mtwapa, kwa hivyo jengo kama lako nalijua. Nitakueleza kirefu kwa sababu swali lako ni la watu wengi, na wengi huuzwa kitu ambacho si walichokuwa wakihitaji.

Kwanza weka kando ile namba kubwa ya kwenye bango. Wewe huhitaji kasi kubwa. Simu ya video ya watu wawili yenye picha safi huhitaji kama Mbps 1.2 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, na hata ukitaka picha kali kabisa haifiki Mbps 4. Unachohitaji ni mambo mawili ambayo bango haliyataji: kasi ya *kupakia*, kwa sababu sauti na uso wako vinatoka kwako kwenda Ujerumani, na utulivu, yaani kila kipande cha sauti kifike kwa muda ule ule kama mwenzake. Laini yenye Mbps 10 zilizotulia itakufundishia vizuri kuliko ya Mbps 100 inayopanda na kushuka.

Hotspoti yako ya simu inakufa saa moja usiku kwa sababu mnara mmoja unagawia mtaa mzima. Hiyo ndiyo saa watu wamerudi kutoka kazini, wamekula, wamelala kitandani wakitazama video. Redio ya mnara ina nafasi yake maalum, ikijaa imejaa. Ndiyo maana simwungi mkono ndugu yangu wa Nyali moja kwa moja. 5G ni nzuri, lakini ni ya mnara vilevile. Nyali majumba yametawanyika na minara iko karibu. Mtopanga watu wamebanana. Azima simu ya 5G ya mtu, simama dirishani kwako saa mbili usiku, pima hapo. Ikishika vizuri saa hiyo, basi ruta ya 5G itakufaa. Usikubali kupimiwa saa nne asubuhi na muuzaji.

Sasa intaneti ya jengo, ile ya 1,500. Nenda kwa jirani yako ukatazame waya unaoingia kwenye ruta yake. Ukiwa mnene kidogo, wenye kichwa cha plastiki chenye meno manane ya shaba kinachobofya, huo ni waya wa shaba. Maana yake faiba imeishia kwenye sanduku fulani chini ya ngazi, na ndani mna kifaa kinachokula stima ya mwenye nyumba. Ndiyo sababu stima ikienda, jengo zima linakwenda nayo, hata wewe ukiwa na betri chumbani. Ukiwa mwembamba, wenye kichwa cha kijani, hiyo ni faiba yenyewe mpaka ndani. Kati ya nguzo na kituo cha kampuni, faiba ya aina hiyo kwa kawaida haihitaji stima ya mtaani. Mwanga unatoka kituoni, unagawanywa na kioo kisichotumia umeme, unafika kwako. Kituo kikiwa na jenereta yake na wewe ukiwa na betri ya ruta, Mtopanga nzima inaweza kuwa giza na kipindi chako kikaendelea.

Kijana wa jengo simsemi vibaya. Wako wanaofanya kazi nzuri na wamewafikishia intaneti watu ambao kampuni kubwa hazikuwataka. Muulize mambo mawili tu: ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano au anafanya kazi chini ya aliye nayo? Na laini anayonunua yeye ni ya Mbps ngapi, inagawiwa vyumba vingapi? Akinunua 50 akawagawia wapangaji arobaini, hesabu unaifanya mwenyewe.

Kwa bajeti yako, faiba ya nyumbani inaingia. Safaricom walipoongeza kasi mwaka 2024 kifurushi chao cha chini cha 2,999 kilitoka Mbps 10 kikawa 15, na cha 4,100 kikawa 30. Wewe na binti yako, 15 inawatosha. Lakini usianze na jina la kampuni. Anza na kile kisanduku cheusi. Kina kibandiko au namba, kipige picha, umuulize msimamizi wa ploti ni nani alikuja kukifunga. Kampuni ambayo kisanduku chake kiko mita kumi na tano kutoka dirishani kwako itakuunganisha wiki hii. Ile ambayo kisanduku chake kiko barabara ya pili itakuahidi mwezi mzima.

La mwisho kwa leo, na ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayekula kupitia intaneti: jipatie njia mbili nyembamba, usinunue moja nene. Chukua faiba ya kifurushi cha chini, na ile pesa ya tofauti uiweke kwenye laini ya simu ya kampuni *nyingine*. Nyingine kweli, si ile ile inayokuuzia faiba, kwa sababu zikikatika zitakatika pamoja.

MkaaKikambala alijibu:

Mwalimu, mimi niko Kikambala ndani, mbali na barabara kuu, faiba hatuna na mnara tunausikia kwa shida. Nilifunga dishi la Starlink, ambalo lilianza kuuzwa rasmi Kenya Julai 2023, na kwangu limebadilisha maisha. Setilaiti zake ziko chini, kama kilomita 550, si zile za zamani za kilomita 35,786 ambapo unamwambia mtu "hujambo" na jibu lachelewa mpaka umeshasahau uliuliza nini. Simu za video napiga bila shida.

Ila nikueleze ukweli wa kulifunga. Dishi linataka kuona anga kubwa, si kipande. Kwangu minazi miwili ilikuwa inalikata. Kila setilaiti ikipita nyuma ya kuti, simu inaganda kwa sekunde chache kisha inarudi. Programu yake ya simu hukuchorea ramani ya vizuizi, na nilipoliinua juu ya bomba la chuma mpaka likapita makuti, yakaisha. Ghorofa ya pili ya nne utalifunga wapi? Itabidi juu ya paa, na paa ni la mwenye nyumba.

Halafu stima. Dishi la kawaida hula kama wati 75 mpaka 100 likiwa kazini. Likikaa limewashwa usiku na mchana, hizo ni uniti 50 na zaidi kwa mwezi, na token unajua bei yake. Ruta ya faiba haifiki hata robo ya hapo. Kifurushi kizima cha nyumbani kilikuwa 6,500 kwa mwezi, juu ya bajeti yako, na kile cha bei ndogo kilikuwa na kikomo cha data ambacho vipindi vyako vingekimaliza. Na msifikiri kuwa setilaiti haijai: Novemba 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikwisha. Kwa aliye porini kama mimi, chukua. Kwa aliye na kisanduku cha faiba getini, fundi amesema.

Mwanafunzi_Tudor alijibu:

Kuhusu pahali pa umma nimezunguka sana, kwa sababu hosteli yetu haina kitu. Maktaba ya taifa iliyo Tononoka ni tulivu na inafaa kusoma, lakini mwalimu, huko huwezi kufundisha. Ukitamka "ng'ombe" mara mbili watakutoa. Swahilipot, kule Mji wa Kale karibu na Fort Jesus, vijana wengi hufanya kazi na kompyuta zao, mazungumzo si dhambi, ila ni mbali nawe na jioni lazima uwaze usafiri wa kurudi. Mikahawa ya Nyali ina waifai. Nunua kahawa, uliza kwanza kama wanaruhusu kukaa saa nzima, na kaa mbali na spika. Soko na stendi zenye waifai ya bure ya serikali ni za kutuma barua pepe na kupakua fomu, si za kipindi cha video, maana watu ni wengi mno kwenye kifaa kimoja.

Na waifai za mtaani za shilingi kumi, zile unalipa kwa simu unapewa saa kadhaa, kwangu zimekuwa bora kuliko nilivyotarajia asubuhi. Usiku ni hadithi nyingine.

Jambo la usalama, kwa sababu rafiki yangu liliwahi kumkuta: kuna watu hufungua hotspoti wakaipa jina la mkahawa. Unaungana, unaletewa ukurasa unaokuomba nywila ya barua pepe au namba ya siri ya M-Pesa. Hakuna waifai ya halali duniani inayohitaji namba yako ya siri ya pesa. Uliza mhudumu jina kamili la waifai yao, zima ile sehemu ya simu inayojiunga yenyewe, na mambo ya benki uyafanyie kwenye data yako mwenyewe.

Mwalimu_Mtopanga alijibu:

Marahaba fundi, na nyote shukran sana. Nimefanya mlivyoniambia.

Nimepima simu yangu dirishani. Saa tatu asubuhi: kupakua 38, kupakia 12. Saa mbili usiku: kupakua 3, kupakia 0.6. Sasa naelewa kwa nini nawaona wanafunzi wangu lakini wao hawanisikii. Jirani aliniruhusu nipime kwake pia. Usiku ilikuwa 8 kwa 8, nikafurahi. Lakini nilipompigia binti yangu kwa video tukiwa hapo, sauti ilikatika tena, na ile namba ya milisekunde, yaani ya kuchelewa, ilikuwa ikiruka kutoka 40 mpaka 900. Kwake waya ni wa shaba, wenye meno manane.

Simu ya 5G niliazima kwa mpwa wangu. Chumbani haikushika kabisa. Kwenye roshani ilishika, ikasoma 60 usiku, lakini nikirudi hatua mbili ndani yapotea.

Kisanduku cha nguzoni kina kibandiko na kampuni imesema yaweza kuniunganisha. Nina maswali: kwa nini 8 kwa 8 ikatike, kama simu ya video haitaki hata 4? Na ile habari ya njia mbili, si nyaya zote zinaishia baharini pamoja? Nakumbuka Mei ile mwaka 2024, sikuweza kufundisha vizuri kwa siku kadhaa.

FundiWaya alijibu:

Vipimo vyako vimetulia kuliko vya mafundi wengine ninaowajua, mwalimu.

Hiyo 40 mpaka 900 ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu mmoja kwenye jengo akianza kupakua sinema, kile kifaa cha chini ya ngazi kinapanga foleni ya vipande vyake, na kipande cha sauti yako kinawekwa nyuma ya foleni kama abiria mmoja nyuma ya lori la saruji kivukoni Likoni. Kasi ipo, ila zamu yako haifiki kwa wakati. Hata ukipata faiba yako mwenyewe, hilo laweza kutokea ndani ya nyumba binti akipakua kitu kikubwa. Ruta nyingi zina sehemu ya kutoa kipaumbele kwa kifaa kimoja. Weka kompyuta yako hapo. Au ungana na ruta kwa waya badala ya waifai wakati wa kipindi. Waya wa mita tano ni bei ya chakula cha mchana na hausumbuliwi na ruta za majirani.

Kuhusu 5G, matumbawe na zege hunyonya mawimbi hayo. Roshani 60, chumbani sifuri, ndiyo hali ya majumba yetu mengi ya pwani. Kuna ruta za 5G zenye kipokezi cha nje kinachofungwa roshani, zingekufaa. Lakini una kisanduku getini, mwalimu. Chukua faiba, na 5G ya mpwa wako iwe akiba ya roshani.

Sasa bahari. Umekumbuka vizuri: Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Iliuma zaidi kwa sababu Februari mwaka huo huo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo, kwa hivyo njia ya kaskazini ilikuwa imeshapungua kabla ya ile ya kusini kwenda. Kenya haikuzimika kabisa kwa sababu TEAMS ilibaki. Hiyo inatoka hapa hapa Mombasa kwenda Fujairah, kama kilomita 5,000, na ipo tangu 2009. Wanafunzi wako wa Muscat wako jirani na upande wake wa pili.

Kwa hivyo ndiyo, njia mbili za mtaani zaweza kukutana baharini. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, waya wa baharini ni nadra. Kinachomkatia mteja ni lori lililogonga nguzo, tingatinga la barabara, panya darini, stima. Hayo yote yako kati ya kituo na kitanda chako, na hapo ndipo kampuni mbili tofauti zinakusaidia. Inaniuma sana kuona nyaya kadhaa za baharini zinapanda nchi kavu kwetu hapa, halafu mwalimu wa Mtopanga anakatika sauti kwa sababu ya mita thelathini za mwisho. Mita hizo zinatengenezeka.

Kobe_wa_Nyali alijibu:

Nimekubali kuhusu chumbani, sikuwaza kuta. Lakini fundi, mweleze siku ya kufunga atazame nini, maana kwangu kampuni fulani ilipofunga faiba ya kwanza, waya ulikunjwa kwenye pembe ya dirisha na kila mvua ikinyesha nilikuwa napiga simu.

FundiWaya alijibu:

Kweli, hilo ni la maana. Mwalimu, siku hiyo usitoke nyumbani, na usione haya kusimama karibu na fundi.

Ndani ya ule waya mweusi kuna uzi wa kioo wenye unene wa kama unywele, na mwanga unapita katikati yake tu. Ukikunjwa sana kwenye pembe, mwanga unavuja ubavuni hata kama waya haujakatika. Kwa hivyo kwenye pembe yoyote waya uzunguke kwa upana, usibanwe kwa msumari uliopinda. Tundu la ukutani litobolewe kutoka ndani likiinama kwenda nje, ili maji ya mvua yasifuate waya kuingia ndani, na nje waya uache mzingo mdogo unaoning'inia chini ya tundu, matone yadondokee hapo. Nafikiri hapo ndipo ndugu wa Nyali alipoponzwa.

Kabla hajachomeka kile kichwa cha kijani, mwombe akuonyeshe kipimo chake cha mwanga. Ni kifaa kidogo cha mkononi, kitasoma namba yenye alama ya kutoa. Ikiwa kati ya -15 na -24, ni safi. Ikikaribia -27, mwambie kwa upole akate kichwa afunge kipya, au akasafishe kule kwenye kisanduku, kwa sababu hapo ndipo ruta huanza kupoteza mwanga na siku ya joto au mvua itakuwa taa nyekundu. Ipige picha namba hiyo. Siku moja ikizorota, utakuwa na cha kuwaonyesha.

Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati, si sakafuni nyuma ya televisheni. Nunua betri ndogo ya ruta ya volti 12, ila soma kwanza kibandiko cha ruta kama inataka ampea 1 au 2, ulinganishe. Na mkataba uandikwe kwa jina lako na namba yako ya simu, si ya mwenye nyumba wala ya msimamizi, ili ukihama uhame na akaunti yako na deni la mtu mwingine lisije likakuzimia kipindi.